Je, moduli kumi za elektrolaiza zitatosha kulisha tanuri letu?

*Swali: Ninasimamia uzalishaji katika kiwanda kidogo cha vipuri vya chuma. Tanuri letu la kulainishia chuma hutumia haidrojeni usiku na mchana, na kwa siku tunamaliza mitungi 13 ya lita 50. Kampuni moja inayotengeneza elektrolaiza za moduli, yaani mashine za kutoa haidrojeni kwenye maji kwa umeme, inatushauri tuachane na mitungi, tununue moduli 10, kila moja ikitoa takriban kilo moja kwa siku, tuziunganishe na paneli za jua za kilowati 60 tulizonazo juu ya paa, kisha tuongeze moduli kadiri kazi inavyokua. Wanasema maji ya bomba yanatosha, kwamba moduli moja ikiharibika tisa zitaendelea, na kwamba gesi yetu itakuwa ya kijani. Mkurugenzi naye anauliza kama gesi itakayobaki inaweza kutuwashia taa usiku. Mimi naogopa mambo mawili: kukiingiza kiwanda katika hasara, na kuweka mtambo wa gesi inayolipuka karibu na watu ninaowasimamia. Naomba ushauri.*

Ndugu msomaji,

Hofu zako zote mbili zina msingi, na ni vizuri umeuliza kabla mkataba haujatiwa saini. Umeahidiwa kilo 10 kwa siku, mtambo usiosimama na maji yasiyo na usumbufu, nawe unataka kujua ni lipi kati ya hayo unaloweza kulitegemea ukiwa na tanuri ambalo haliwezi kungoja gesi. Sidhani kwamba kampuni hiyo inakudanganya. Naona imekueleza mambo ambayo ni kweli kwa masharti fulani bila kuyataja masharti yenyewe, na sharti kubwa kuliko yote ni saa za umeme.

Tuanze na kiasi unachotumia. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la baa 200 hubeba takriban robo tatu ya kilo ya haidrojeni, kwa hiyo mitungi yako 13 ni karibu kilo 10. Hapo kampuni imehesabu sawasawa. Sasa tutazame kinachohitajika ili kuzipata kilo hizo.

Elektrolaiza hupitisha umeme katika maji ili kuyatenganisha kuwa haidrojeni na oksijeni, jambo ambalo William Nicholson na Anthony Carlisle walilifanya huko London mwaka 1800, muda mfupi baada ya habari za betri ya Volta kuwafikia. Seli moja ina elektrodi mbili, na katikati yake kuna utando unaozuia gesi hizo mbili zisichanganyike. Seli nyingi zikipangwa na kubanwa pamoja hufanya mrundo. Mrundo huo, pamoja na pampu, vifaa vya umeme na vihisio vyake, ndio unaofungwa ndani ya sanduku moja linaloitwa moduli. Kilo moja ya haidrojeni hudai idadi maalumu ya elektroni, na hakuna mtengenezaji, awe hodari namna gani, anayeweza kuipunguza. Kinachotofautiana ni volti ya kuzisukuma elektroni hizo, na kila volti moja ya seli hugharimu takriban kilowati-saa 26.6 kwa kilo. Kwa volti 1.48, ambacho ndicho kiwango cha chini endapo joto lote la mmenyuko litatokana na umeme huohuo, unapata kilowati-saa 39.4. Seli zinazouzwa hufanya kazi kwa volti 1.7 hadi 2 hivi, kwa sababu utando una ukinzani wake na mmenyuko wa upande wa oksijeni ni mzito kuuanzisha. Ongeza umeme unaoliwa na pampu, upoozaji na ukaushaji wa gesi, pamoja na ule unaopotea katika kugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, nawe utafika kati ya kilowati-saa 50 na 55 kwa kilo. Tumia 55 katika hesabu zako, maana seli huchakaa na volti yake hupanda mwaka hadi mwaka. Kwa kawaida mrundo huhesabiwa kuwa umefika mwisho volti hiyo inapokuwa imeongezeka kwa asilimia 10 hivi.

Kilo 10 kwa siku, basi, ni kilowati-saa 550. Zigawe kwa saa 24, utapata kilowati 23. Moduli ya kilo moja kwa siku huvuta karibu kilowati 2.4, na moduli kumi zinafanya 24, kwa hiyo hesabu inakutana, lakini inakutana endapo tu moduli zote kumi zitafanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Jua halikupi saa hizo. Paneli za kilowati 60, kwa siku inayotoa umeme ulio sawa na saa tano za jua kamili, huzalisha kilowati-saa 300. Hata hizo mtambo wako hautaweza kuzimeza zote, kwa kuwa adhuhuri paneli zitakuwa zikitoa takriban mara mbili ya kile ambacho moduli kumi zinaweza kupokea, ilhali asubuhi na jioni zitatoa kidogo. Kwa siku nzuri mtambo utapata saa saba hivi za kazi ya nguvu kamili, yaani kilo tatu au zaidi kidogo. Ili kilo zote 10 zitoke kwenye jua peke yake, ungehitaji mtambo wa kilowati 110, ambao ni moduli 46 hivi, paneli karibu mara mbili ya ulizonazo, na matangi ya kuhifadhi gesi ya usiku kucha.

Nimekaa juu ya hesabu hii kwa sababu ndiyo inayobeba uamuzi wako. Mtambo uliolipiwa bei ya saa 24 na kutumika saa saba unaigawa bei hiyo kwa kilo chache mno, na kila kilo inakuwa ghali hata kama umeme wa jua ulikuwa wa bure. Usiku, kwa upande mwingine, kila kilo itakutoza uniti 55 (kilowati-saa 55) za umeme wa gridi. Chukua bei ya uniti yako, izidishe kwa 55, kisha uilinganishe na bei ya mtungi mmoja uliyoigawa kwa 0.75. Ikiwa gharama ya umeme pekee tayari inakaribia ile ya mtungi, usiendelee kusoma vipeperushi, kwa kuwa hujahesabu bado bei ya mtambo, maji, matengenezo na mrundo wa kubadilisha.

Unaweza kujiuliza faida ya moduli iko wapi. Ipo, na naiheshimu. Kabla ya moduli, elektrolaiza zilijengwa kwa ukubwa wa kutisha. Huko Rjukan nchini Norwei, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, umeme wa maporomoko ya maji ulitumika kutenganisha maji kwa ajili ya mbolea, na kiwanda cha mbolea cha Kwekwe nchini Zimbabwe kiliendesha elektrolaiza kwa miongo kadhaa hadi mwaka 2015, ambapo mzigo wa umeme ulichangia kuzizima. Mitambo mikubwa ina haki yake, kwani tangi lenye ujazo maradufu halihitaji chuma maradufu, na kitengo kimoja kikubwa cha kusafisha maji ni nafuu kuliko vidogo kumi. Mrundo wa seli haufuati kanuni hiyo. Ukitaka gesi maradufu unahitaji eneo la utando maradufu, uwe umejenga kubwa au ndogo. Anayetengeneza moduli amechagua kupoteza kidogo kwenye matangi na mabomba ili apate faida ya kiwanda kinachorudia kitu kilekile mara maelfu, kila kimoja kikipimwa kabla ya kusafirishwa. Kampuni ya Enapter, ambayo elektrolaiza yake ndogo ilipata Tuzo ya Earthshot mwaka 2021, imejengwa juu ya wazo hilo. Kwa mtumiaji wa kilo 10 kama wewe, faida ni kwamba unaweza kuanza na chache, ukajifunza, ukaongeza, na fundi anaweza kuichomoa moduli moja na kuweka nyingine bila kuleta kreni. Lakini moduli hazipunguzi hata uniti moja ya umeme unaohitajika kwa kilo, na pale zinapokuwa ndogo sana mara nyingine huongeza.

Kuhusu ahadi kwamba moja ikiharibika tisa zitaendelea, niruhusu nikusimulie nilichokiona. Niliwahi kuitwa mahali ambapo moduli 12 ndani ya kontena moja zilikuwa zimezima zote kwa wakati mmoja. Kila moduli ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimechoka ni chupa moja ya plastiki ukutani, yenye chembechembe za utomvu wa kusafishia maji, zile ambazo hubadilika rangi zinapojaa chumvi. Rangi ilikuwa imebadilika hadi chini kabisa ya chupa, kipimo cha upitishaji umeme wa maji kikapanda, na moduli zote zikajizima kujilinda kama zilivyofundishwa. Hapakuwa na chupa ya akiba, nayo iliyoagizwa ilichukua wiki mbili kufika. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba moduli zinajitegemea, uliza kile zinachotegemea kwa pamoja: kisafisha maji, kipoozaji, kikaushio cha gesi, transfoma, kompyuta ya kuongozea, bomba la kutolea hewa. Kila kimoja kati ya hivyo kikiwa kimoja tu, mtambo wako una uwezo wa kusimama wote, hata ukiwa na moduli mia.

Hilo linatuleta kwenye maji. Kilo moja ya haidrojeni hula lita tisa za maji safi, na kwa kuwa kusafisha kwenyewe humwaga sehemu ya maji, panga kiasi kikubwa zaidi kutoka bombani. Kiasi hiki ni kidogo kwa kiwanda. Tatizo ni usafi. Maji ya bomba yana kalisi, magnesiamu na kloridi. Madini hujipachika ndani ya utando na kuuongezea ukinzani, na kloridi hula metali na inaweza kugeuka kuwa gesi ya klorini kwenye elektrodi ya oksijeni. Maji ya bomba yanatosha kuingia kwenye kisafishaji, wala si kwenye seli, na kisafishaji hicho lazima kiwe ndani ya bei uliyopewa, pamoja na vichungi na utomvu wa mwaka mzima. Peleka sampuli ya maji yako maabara kabla ya jambo jingine lolote. Ni kazi ndogo na huokoa mirundo.

Pana jambo moja ambalo wauzaji wachache hulieleza, nami napenda ulijue kwa kuwa litakusaidia kila siku. Umeme unapopungua, una njia mbili: kuzima nusu ya moduli na kuacha zilizobaki zikifanya kazi kwa nguvu zote, au kuziacha zote zikifanya kazi nusu. Watu wengi hudhani njia ya kwanza ndiyo bora. Kwa seli zenyewe, njia ya pili ndiyo yenye ufanisi zaidi, kwa maana mkondo ukipungua volti hushuka, na umeme kwa kilo hushuka nayo. Ila usishuke mno. Haidrojeni kidogo hupenya utando daima na kuingia upande wa oksijeni. Uzalishaji unapokuwa mdogo, oksijeni haitoshi kuizimua, na mchanganyiko husogelea kiwango cha hatari, ambapo mtambo hujizima wenyewe. Pampu na vipoozaji navyo huendelea kula umeme uleule. Moduli zinakuruhusu kupita katikati: kuzishusha zote hadi mahali pazuri, kisha kuzima moja moja. Usizizime na kuziwasha ovyo kila wingu linapopita, kwani kuwasha na kuzima mara kwa mara ni miongoni mwa mambo yanayozeesha elektrodi, hasa katika mitambo ya alkali.

Waulize pia ni aina gani ya seli. Zile za alkali, zinazotumia mmumunyo mkali wa haidroksaidi ya potasiamu na elektrodi za nikeli, zina historia ndefu na hazihitaji metali adimu, ila hazipendi mzigo mdogo. Zile za utando unaopitisha protoni hufuata jua vizuri, ingawa zinahitaji platinamu na iridiamu, na iridiamu inayochimbwa duniani kwa mwaka ni tani chache tu. Zile za utando unaopitisha ioni hasi, ambazo baadhi ya moduli ndogo hutumia, zinajaribu kuchukua mazuri ya pande zote mbili. Bado rekodi yake ya miaka mingi ni fupi, kwa hiyo dhamana ya saa za kazi iliyoandikwa ni muhimu kwako kuliko jina la teknolojia.

Juu ya ukijani, sitazunguka. Gesi haiwi ya kijani kwa sababu imetengenezwa kwako. Haidrojeni inayotokana na gesi asilia huacha karibu kilo tisa au kumi za kaboni dioksidi kwa kila kilo. Kwa uniti 55, ukitumia umeme wa gridi unaotoa zaidi ya gramu 180 za kaboni dioksidi kwa uniti, umeshaipita hiyo. Na kwa gridi ya makaa ya mawe utaipita mara tano hivi. Kilo zako tatu za jua zitakuwa za kijani kweli. Saba za usiku zitakuwa na rangi ya gridi yako, na usimwandikie mteja vinginevyo.

Mkurugenzi wako mpe jibu fupi. Uniti 55 zinazotengeneza kilo moja zitarudi kama uniti 16 au 17 kupitia seli ya mafuta ya kawaida, yaani kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme, wakati betri ingekurudishia 45 au zaidi. Kama kuna umeme wa jua unaobaki na taa ndiyo haja, anunue betri.

Sasa hofu yako ya pili. Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, cheche dhaifu sana huiwasha, na mwali wake mchana hauonekani kwa macho. Lakini wewe tayari unaishi nayo. Mitungi 13 ya baa 200 inayoviringishwa, kufunguliwa na kufungwa na mikono ya watu kila siku si hatari ndogo, na mtambo unaotoa gesi kwa baa 30 moja kwa moja hadi kwenye tanuri unaweza kupunguza kiasi cha gesi kilichopo kiwandani kwa wakati mmoja. Tangi la mita moja ya ujazo kwa baa 30 hubeba kilo mbili na nusu hivi tu. Gesi hii ni nyepesi mno, hupanda juu na kutawanyika haraka inapopata njia. Kinachoua ni dari isiyo na tundu. Kwa hiyo mahali pake ni nje au kwenye kontena lenye upitishaji hewa wa kudumu, vihisio vikiwa sehemu ya juu kabisa ya dari, bomba la kutolea gesi likielekea juu mbali na madirisha na mifumo ya kuvuta hewa, na oksijeni ikitolewa upande mwingine kabisa, kwa sababu kila kilo ya haidrojeni huja na kilo nane za oksijeni, ambayo hufanya grisi na nguo ziwake kwa ukali usio wa kawaida. Dai mtambo uliothibitishwa kwa kiwango cha ISO 22734, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha elektrolaiza, na uione hati yenyewe.

Ningekuwa mimi, nisingenunua moduli 10, wala nisingeacha mitungi. Ningepima kwanza matumizi ya tanuri kwa wiki mbili, saa kwa saa, na kutafuta mivujo, kwani si mara moja nimeona kiwanda kikigundua kwamba sehemu ya gesi ilikuwa ikipotea kwenye milango ya tanuri na viungo vya mabomba. Kisha ningetazama kiwango ambacho matumizi hayashuki chini yake mchana wala usiku, na kununua moduli nne au tano za kubeba kiwango hicho tu, zikifanya kazi mfululizo, jua likizilisha mchana na gridi usiku, huku mitungi ikibeba kilele na siku za matengenezo. Kwa kilowati 12, jua lako litazitosheleza kwa saa nyingi zaidi za mchana, na hapo ndipo moduli zinapokuwa na maana: baada ya mwaka mmoja utakuwa na namba zako mwenyewe za uniti kwa kilo, na uamuzi wa kuongeza utatokana na mita yako. Ikiwa bei ya umeme wa usiku inakushinda, baki na mitungi na ujadiliane na msambazaji wako juu ya mafungu makubwa ya mitungi iliyounganishwa. Hakuna aibu katika hilo.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Mhandisi wa usalama wa michakato lazima afike, atembee eneo lote, na afanye tathmini ya hatari pamoja na wewe na fundi wa tanuri, kabla msingi wa zege haujamwagwa. Asiwe ameajiriwa na muuzaji. Mhandisi wa umeme apime kama transfoma yako inabeba mzigo huo na kama vigeuza mkondo vitachafua umeme wa mashine nyingine. Mamlaka ya zimamoto na kampuni ya bima zijulishwe kwa maandishi mapema, kwa kuwa bima inaweza kukataa madai juu ya mtambo ambao haikuujua. Na ikiwa tayari kuna harufu ya kuungua, mlio wa gesi kwenye kiungo, au kihisio kimelia hata mara moja katika chumba cha mitungi, usingoje mradi mpya: funga vali, watoe watu, ita mtaalamu leo.

Mwombe muuzaji kitu kimoja zaidi: ruhusa ya kutembelea mteja wake ambaye moduli zake zina zaidi ya mwaka mmoja, na usomaji wa mita mbili za mteja huyo, ya umeme na ya gesi, mwezi kwa mwezi. Ukizipata namba hizo, nitumie tuzipitie pamoja.